"Si mashine imesema?"

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41, naishi Ligula hapa Mtwara mjini, nina mume na watoto wawili. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika kampuni moja ya huduma za kompyuta. Tupo watu kumi na wanne. Tunafunga mitandao, tunahudumia mashine za EFD, zile za risiti za kodi, za wenye maduka, nyumba za wageni, zahanati, shule, na zaidi ya wote vyama vya msingi vya korosho, kuanzia Nanyamba mpaka Tandahimba na Newala. Mimi niko dawati la msaada. Mteja akikwama anapiga simu au anatuma ujumbe, namfungulia tiketi, yaani kumbukumbu ya tatizo lake, namwelekeza mpaka mambo yakae sawa.

Mwezi wa nne bosi alituita wote akasema kuanzia siku hiyo kila mmoja atafanya kazi na msaidizi wa akili mnemba. Wanaoandika programu wakapewa wao, wa masoko akapewa wa kumwandikia zabuni, na muhtasari wa vikao sasa unaandikwa na mashine. Sisi wa dawati tulipewa msaidizi anayesoma ujumbe wa mteja na kutuandalia jibu. Wewe unasoma, unarekebisha, unatuma. Ili aweze kujibu, walimlisha tiketi zote za nyuma. Shangazi, nyingi ya tiketi hizo ni majibu yangu. Siku nyingine naiona sentensi yangu mwenyewe inatokea kwenye kioo, hata ile "pole sana ndugu yangu, tutalimaliza" ninayopenda kuandika.

Mwezi wa sita akaajiriwa kijana aliyetoka chuo. Ana adabu, hanipiti bila kuniamkia. Ila jibu la mashine analituma kama lilivyo, wakati mimi nalisoma, nampigia mteja, namuuliza maswali. Na bosi ameweka ubao. Kila Ijumaa jioni majina yanapangwa kwa idadi ya tiketi ulizofunga. Kijana ni wa kwanza. Mimi hii ni wiki ya kumi na moja niko mkiani, na siku hizi Ijumaa ikifika chakula hakipiti.

Sasa niseme lililonifanya nikuandikie. Ilikuwa Novemba, minada imepamba moto. Alhamisi jioni karani wa chama kimoja upande wa Tandahimba akatuma ujumbe: umeme ulikatika ghafla, umerudi, mfumo haufunguki, unasema faili limeharibika. Tiketi ikamwangukia kijana. Tunakaa meza moja, kioo chake nakiona. Msaidizi akaandika jibu safi lenye salamu na hatua tano: fungua sehemu ya bakapu (nakala ya akiba), chagua ya mwisho, bonyeza rejesha, kubali kufuta data iliyopo, washa upya. Hatua zote tano ni zangu, niliziandika 2021. Lakini lile la kuanzia halikuwepo. Kabla hujarejesha, lile faili bovu linakiliwe pembeni, maana mara nyingi huwa linafufulika. Na unamuuliza mteja bakapu yake ya mwisho ni ya lini. Chama kile nakijua. Flashi yao ya bakapu inakaa mfukoni mwa katibu, katibu akienda Newala inakwenda naye.

Kijana akanigeukia. "Dada, hii iko sawa?"

Nikamjibu, "Si mashine imesema?"

Akatuma.

Bakapu ilikuwa ya Jumanne. Mizigo ya Jumatano na Alhamisi ikafutika yote, stakabadhi 186, na majina, kilo, daraja na namba za akaunti. Jumamosi nilipanda gari kwa nauli yangu, ofisini nikasema naenda kuona ndugu. Tulikaa na karani siku mbili tukiingiza upya kutoka kwenye vitabu. Nakala zinazobaki kitabuni ni zile za kaboni, zimefifia, nyingine zina jasho la mikono. Tulikuwa tunazipeleka mlangoni kwenye mwanga ndipo tujue kama ni 3 au 8. Mzee mmoja kilo zake 83 tulimwandikia 33, bahati nzuri akapita na risiti yake aliyoikunja ndani ya kofia. Karani ana mtoto mchanga, alikuwa anamnyonyesha huku ananisomea namba. Tulipomaliza akaniambia, "Dada, kumbe bado wapo watu wenye huruma." Neno hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kijana alikaripiwa mbele ya wote. Sikufungua mdomo.

Sasa bosi anataka kuanzia Januari niache dawati kwa miezi mitatu, niifundishe mashine yote niyajuayo. Nikamuuliza baada ya hapo itakuwaje, akasema "tutaangalia." Wenzangu wananiambia nikubali ila nitoe nusu nusu, mengine nibaki nayo. Mume wangu anasema la Novemba nilifukie, nisije nikajitafutia balaa. Kuna na jambo dogo: kijana alichukua orodha nzima ya wakulima wa chama kile akaibandika kwenye programu ya bure kwenye simu yake ili impangie majina. Hilo sidhani kama lina shida.

Nifanye nini, Shangazi?

Mzoefu, Ligula

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale, kijana kakugeukia anakuuliza kama iko sawa. Habari za ubao na za bosi nitazifikia. Lakini pale mashine haikuulizwa. Aliyeulizwa ni wewe, na aliyekuuliza ni mtoto wa watu ambaye kwa sekunde ile alifanya kile tunacholalamika kila siku kwamba vijana hawafanyi. Alitilia shaka, akamwendea mkubwa wake. Ukamrudisha kwa mashine. Usishangae leo kama hakuulizi tena.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza mkataba wala mshahara, nenda kwake. Mtoe nje, mkae mahali, umwambie: siku ile ulinitazama ukaniuliza, nilijua jibu lina kasoro, nikakuacha utume kwa sababu nilitaka mashine iaibike. Uliaibika wewe. Naomba radhi. Usimwongezee "lakini na wewe". Siku hiyohiyo ingia kwa bosi umweleze vilevile, na umwombe afute karipio mbele ya walewale waliolisikia.

Mume wako ana hofu ya haki, mshahara ni wa nyumba nzima. Unaweza kupewa onyo la maandishi, na ukipewa lipokee. Kufukuzwa kwa hilo si jambo jepesi kama mnavyodhani. Kanuni za ajira za 2007 zinasema kosa la kwanza si sababu ya kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe kubwa kiasi kwamba hawawezi kuendelea pamoja. Wewe utakuwa umekuja mwenyewe bila kukamatwa, na siku mbili umezitumia kurekebisha. Ninachokiogopa mimi ni kingine. Kazi utakayoomba hapa chini ni ya mtu anayesema anapoona kosa. Huwezi kuiomba huku umeficha siku uliyoliona ukanyamaza.

Sasa tuje kwenye hatua iliyokosekana, maana humo ndimo thamani yako ilipo na naona hujaiona.

Jiulize kwa nini msaidizi alizijua hatua zako tano na lile la mwanzo akalikosa. Hakulisahau. Hajawahi kulikuta. Wasaidizi hawa hupanga maneno kwa kufuata mazoea ya maandishi waliyolishwa, na swali la "flashi iko wapi" hukuliandika hata mara moja. Ulilisema kwa simu. Ulimpigia karani, ukaulizia safari ya katibu, ukamwambia nakili hilo bovu kwanza, kisha ulipokata simu ukaandika kwenye tiketi yale matano ya mwisho na kuifunga. Miaka yote hiyo sehemu nzito ya kazi yako imepita hewani. Bosi anadhani ameshaipata kazi yako yote, kumbe ana mkia wake tu.

Na msaidizi mara nyingi hakwambii kuwa kuna kitu hakijui. Lililo kweli na lisilo kweli hulisema kwa sauti moja, kwa salamu na hatua zilizopangwa vizuri. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani kesi walizopewa na ChatGPT, na kesi hizo hazijawahi kuwepo. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000, wao na ofisi yao. Walikuwa watu wazima, wasomi, na jibu lilikuwa limeandikwa kisomi. Karani wako mwenye mtoto kifuani, wakulima wamejaa mlangoni, angeanzia wapi kulitilia shaka jibu lenye nembo ya kampuni yenu?

Kuhusu ubao, si wewe peke yako. Watafiti watatu wa uchumi Marekani, Brynjolfsson, Li na Raymond, waliwafuatilia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 wa kampuni moja ya programu iliyoleta msaidizi kama wenu, na wakatoa matokeo 2023. Kwa wastani mhudumu alimaliza matatizo asilimia 14 zaidi kwa saa. Wageni wa kazi walipanda kwa asilimia 34. Wazoefu wenye ujuzi hawakupata karibu chochote. Sababu waliyoiona ni kwamba mashine ilichukua njia za wahudumu bora na kuwapa wageni. Watafiti wenyewe wakauliza kama hao bora, ambao maneno yao ndiyo chakula cha mashine, hawastahili kulipwa kwa hilo. Kwa hiyo mwanangu, kijana anapoongoza kwenye ubao anaongoza kwa mgongo wako pia. Usimchukie kwa hilo. Lakini bosi alijue.

Hapa kwetu kusini hakuna nyakanga anayemfunda mwali bila ada yake. Anapewa kitambaa chake, anapewa chake cha mkononi, anakalishwa mahali pa heshima, na mwali akishatoka ndani nyakanga hafukuzwi uani, msimu ujao wanamfuata tena. Bibi zetu hawakuona aibu kuitaja ada hiyo kabla ngoma haijalia. Nawe itaje kabla ya Januari, kwa maandishi. Omba iandikwe kwamba miezi mitatu ikiisha una nafasi, na nafasi hiyo ina jina: msimamizi wa majibu ya dawati, au watakavyoiita. Iandikwe kwamba unaweza kulizuia jibu lisiende kwa mteja, na ukilizuia linakaa. Mshahara upande, kwa sababu dhamana imepanda. Kuhusu ubao, usiombe ung'olewe. Omba safu ya pili pembeni ya ile ya sasa, ya tiketi zilizofunguliwa tena ndani ya wiki mbili kwa sababu jibu la kwanza halikutibu. Ile ya Tandahimba ilihesabiwa kuwa imefungwa siku ileile, kijana akapata alama. Muoneshe bosi hiyo moja tu, itatosha.

Akikataa kuandika, usigome, endelea na dawati lako na umwambie uko tayari siku atakapoandika. Na ukiona dalili kwamba wanataka kupunguza watu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mara anapoanza kulifikiria, aeleze sababu, na mzungumze namna ya kuepuka au kupunguza, kabla hajamtoa mtu. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usizidi miaka kumi. Kwa miaka yako minane iliyotimia ni siku 56. Nakutajia ili ujue ukubwa wake halisi. Ni karibu mishahara miwili, si mtaji wa kuanzia maisha, ndiyo maana nakusisitiza upiganie nafasi na si malipo ya kuondokea.

Wanaokushauri utoe nusu nusu nawakatalia kwa nguvu zangu zote. Nusu utakayoificha haitamwangukia bosi. Itamwangukia karani mwingine, Alhamisi nyingine, umeme ukikatika. Nimewahi kuwa karani wa chama cha msingi, kabla ya kompyuta kufika kwetu. Msimu mzima kidole changu cha kati kilikuwa bluu kwa kaboni. Stakabadhi ghalani ilianza mkoani kwetu 2007, na siku hizi mkulima hukabidhi korosho zake na kuondoka na karatasi, pesa atazipata baada ya mnada. Katikati hapo hana kingine cha kushika. Yule mzee hakuikunja risiti ndani ya kofia kwa mazoea. Kilo 50 mlizompunguzia kwa bahati mbaya ni ada ya mtoto shuleni, au salfa ya msimu ujao. Fundisha yote. Andika hata yale unayoyasema kwa simu: muulize mteja bakapu ni ya lini, muulize flashi anayo nani, asiporidhisha mpigie. Na palipo na kufuta data iandikwe kwamba jibu halitoki bila jicho la mtu.

Lile uliloliita jambo dogo limenitia joto kuliko yote. Orodha ya wakulima, majina, simu, namba za benki, ndani ya programu ya bure kwenye simu ya kijana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Chama kimekusanya taarifa zile kwa ajili ya kulipa korosho. Ninyi mnazishika kwa niaba yake. Hakuna mkulima aliyekubali jina na akaunti yake visafiri kwenda kwenye seva za nje, na kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Hata kampuni kubwa ziliungua hapo: 2023 Samsung ilikataza wasaidizi wa aina hiyo baada ya wafanyakazi wake kubandika humo maandishi ya siri ya programu zao. Kijana hakufanya kwa ubaya, hakuna aliyemwambia. Mwambie wewe. Afute mazungumzo yale na akaunti ile leo, bosi aambiwe, na chama kiambiwe. Kisha bosi aandike ukurasa mmoja ubandikwe ukutani, wa vitu ambavyo havibandikwi popote isipokuwa kwenye mfumo wa kampuni. Aulize pia huyo msaidizi wenu wa kazini taarifa zake zinakaa nchi gani, na kampuni imejiandikisha Tume au bado.

Ukizungumza naye mkumbushe na 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Ndio mwezi uleule barabara ya Dar ilikuwa imekatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya. Wewe ulikuwepo kazini. Wateja walihudumiwa na nani, kama si na watu waliojua kichwani na kushika simu? Anayetaka kuondoa watu wa aina hiyo huku Mtwara ajibu kwanza siku ile ikirudi atafanyaje.

Amebaki karani. Amekuita mwenye huruma, na ulichokwenda kufanya kule kilikuwa huruma kweli, mwendo ule na siku mbili za kukodolea kaboni. Lakini anastahili kujua ilianzaje. Mpigie jioni akishamlaza mtoto. Usirefushe, mwambie ulikuwepo jibu likitumwa, ulijua, hukuzuia. Akikasirika mwache akasirike. Mwambie utamwomba bosi alipwe zile siku mbili za kuandika upya, na umwombe kweli, maana kosa ni la kampuni na yeye alilibeba bure. Nauli yako usiidai. Na kabla hujakata simu, muulize flashi iko wapi usiku wa leo.